Siku Baba Alipokaa na Wageni

Baba yangu hajawahi kuwa na kinanda. Kwa miaka yote aliyofundisha kwaya ya kanisa letu hapa Nyamisangura, Tarime, chombo chake kilikuwa koo lake tu. Kabla ya kila wimbo alisimama mbele yetu, akainamisha kichwa kidogo, akatulia, kisha akatoa do. Kutoka kwenye do alipanda mi, akapanda so, akamalizia na do ya juu, na kila kundi likachukua sauti yake: soprano yao, sisi alto yetu, wanaume wa tena na wa besi nao zao. Hapo ndipo mkono ulipoinuka. Hakuna mtu katika kwaya yetu aliyethubutu kufungua kinywa kabla ya do ya baba. Hata makaburini, mvua ikinyesha na wachimbaji wameshika makoleo, watu walisubiri do.

Nalieleza hili mapema kwa sababu wageni hulicheka. Sisi hatusomi nota za mistari. Tunasoma solfa, do re mi zilizoandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi za manila na kubandikwa ukutani. Na do ya solfa haina kwao. Soprano wakiwa na mafua inashuka, Pasaka inapanda. Anayeamua ni mwalimu, na mwalimu asipoitoa hakuna wimbo. Anayeona huo ni ushamba aje aongoze yeye kwaya ya watu waliotoka kupalilia.

Okestra ilitujia kupitia msibani. Tulikuwa Sirari kumzika ndugu yetu mmoja, na miongoni mwa waliovuka mpaka kuja kuzika alikuwamo mtoto wa baba mdogo anayeishi Nairobi. Huyu anapiga chelo, ile fidla kubwa inayokaa chini ikabanwa kwa magoti. Alitusikia tukiimba. Watu walipokaa kula, alikuja na sahani yake mkononi, akachuchumaa mbele ya baba.

"Uncle, shikamoo tena. Hii kwaya yenu iko sawa kabisa. Sisi tuko na show kule Serengeti, na waimbaji ndio hatuna."

Akaeleza. Kuna kambi ya watalii karibu na Robanda ambayo mmiliki wake alikuwa anataka kuifanyia sherehe, na ameiita okestra yao ije ipige opera moja ya zamani ya Marekani, hadithi ya kuimbwa mwanzo hadi mwisho, inayohusu watu weusi maskini wanaoishi kando ya bahari. Safari hii wasingeigiza. Waimbaji wangesimama tu na kuimba, okestra ikiwa nyuma yao, basi. Wale wa kuimba peke yao wangetoka Nairobi, ila kwaya ndiyo ilikosekana. Tena, akasema, ni desturi ya opera hiyo kwamba kwaya iwe ya watu weusi. Kwa sharti hilo Tarime nzima tulikuwa tumefaulu bila mtihani.

Baba aliuliza swali moja. "Okestra kamili?"

"Kamili, Uncle. Fidla, tarumbeta, ngoma, kila kitu."

Baba akaweka sahani chini na hakula tena. Mimi nilijua sababu. Alipokuwa anasomea ualimu, mkuu wa chuo alikuwa na redio, na Jumapili mchana baba alizoea kusimama nje ya dirisha la mtu yule kusikiliza okestra za nchi za mbali. Tangu hapo alikuwa na hamu moja aliyoitaja bila aibu, hata mbele ya wajukuu wanaomcheka: kabla hajafa asimame na kwaya yake, okestra ya kweli ikiwa nyuma yao, hata kwa wimbo mmoja. Wenzake walitamani mabati mapya na ng'ombe wa maziwa.

Kwa hiyo tukaanza. Mtoto wa baba mdogo alikuja na kinanda kidogo cha umeme na nakala ya nota za mistari, akakaa sebuleni kwetu akipiga sauti moja moja, na baba akiziandika kwa solfa. Karatasi za manila zilijaa kuta zote. Ukikaa kula ugali unatazamana na besi, ukienda kunawa unapishana na sauti ya tena. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini si kile cha shuleni. Kilikuwa Kiingereza cha wavuvi na makuli wa huko kwao, na mwalimu wa sekondari tuliyemwita atusaidie alikitazama sana, akaaga kwa heshima.

Hadithi yenyewe haikutusumbua. Kuna mahali mwanamume anauawa katika ugomvi wa kamari. Majirani wanakusanyika kwa mjane, maiti ikiwa ndani, na wanachangishana ili ipate kuzikwa. Baba alipotueleza, kwaya nzima ilicheka kwa kushangaa. Mtu mmoja wa besi akauliza, "Na mwenyekiti wa kamati ya mazishi ni nani?" Tulikuwa tumefika nyumbani. Katika sehemu hiyo mjane anaimba peke yake kilio chake, vyombo vyote vinanyamaza, na kwaya inaingia yenyewe, polepole, bila chombo hata kimoja. Baba aliipenda kuliko zote. Aliitafutia do yake ya chini, laini, ile anayoitoa nyumbani kwa wafiwa na si kanisani. Alishonesha pia suti nyeusi kwa fundi wa sokoni, na akaivaa mazoezini ili izoee, alisema, maana bega lilikuwa linambana akiinua mkono.

Siku ilipofika tulipanda basi la kukodi, tukapitia barabara ya Nyamongo tukila vumbi hadi Mugumu, tukalala huko, asubuhi tukaingia Robanda. Hema lilikuwa limesimamishwa uwanjani nje ya kijiji, kubwa kupita kanisa letu. Okestra walikuwa wameshakaa, wote na nguo nyeusi. Kisha mmoja wao mwenye filimbi nyembamba akapuliza sauti moja, ndefu, na wengine wote wakaanza kuifuata wakikaza na kulegeza nyuzi zao.

Baba alinigusa kwa kiwiko. "Unasikia? Hata wao wanapewa sauti."

Sijui kama nimewahi kumwona na furaha kama ile. Aliyekuwa anaongoza okestra alikuwa mama wa makamo kutoka Nairobi, mpole, na kifimbo cheupe mkononi. Tulipitia nyimbo za mwanzo bila shida, kwa sababu vyombo vilikuwa vinaanza kabla yetu na baba alikuwa ametutafutia mlango wa kuingilia katika kila wimbo. Alisimama pembeni mwa jukwaa, hatua chache kutoka kwa yule mama. Tukafika kwenye msiba. Mjane akaimba, tarumbeta zikashika sauti ndefu, zikanyamaza, na baba akainamisha kichwa akatoa do, mi, so. Yule mama akashusha kifimbo.

Hakumwaibisha mbele ya watu, hilo lazima niliseme. Alimfuata kando, penye kamba za hema, nami nilikuwa karibu.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Hiyo sauti unayowapa ni safi sana. Lakini kwenye onyesho watu wataisikia, na pale ndipo tunataka kimya. Zile tarumbeta za mwisho, ile nota ndefu, ndiyo yao. Waichukue hapo."

"Hawajazoea kuchukua kwa tarumbeta."

"Watazoea, mzee. Tujaribu."

Tukajaribu. Baba alisimama palepale, kinywa kimefungwa, ila kichwa aliinamisha kama kawaida yake, na sisi tukaingia vizuri. Mama yule akafurahi. Akasema umeona, inawezekana. Halafu akaongeza, kwa upole uleule, kwamba macho ya kwaya yalikuwa yanakwenda kwa watu wawili, na waongozaji wawili katika jukwaa moja huwa wanachanganya. "Nimekuwekea kiti mbele, mzee, pamoja na wageni. Wewe ndiye mwalimu wao. Inafaa ukae mahali pa heshima, watu wakuone."

"Na nisitoe sauti?"

"Naomba usitoe."

"Sawa, mama. Nimekuahidi."

Nilitaka kumwambia yule mama kwamba mzee huyu hakushona suti ili akakae na watalii. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, baba akanishika mkono. "Nyamaza," akasema. "Tuko kwa watu." Mtoto wa baba mdogo alikuja mbio na chelo yake, aibu imemjaa usoni, akasema, "Uncle, usimind, hizi vitu ndio ziko hivyo." Muda wa kurudia mazoezi haukuwapo tena. Ilibidi tule na kuvaa, kwa sababu onyesho lilipangwa mchana ili watu wa Robanda wawahi kurudi mashambani kabla tembo hawajatoka kuja kula mahindi yao.

Basi ikawa hivyo. Sisi jukwaani na sare zetu, yule mama katikati, na baba kiti cha mbele, kati ya mgeni mwenye kamera na bwana mmoja wa ofisi ya wilaya, na chupa ya maji mkononi ambayo hakuifungua. Wenyeji walijaa nyuma, kwenye mabenchi na majanini. Okestra ilipoanza nilisahau hasira. Sikujua sauti inaweza kukuingia kwa chini, kupitia mbao unazokanyaga. Tuliimba vizuri. Nilimtazama baba na midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na besi, bila kutoa kitu.

Tukafika msibani. Dada aliyeimba sehemu ya mjane alikuwa msichana mdogo tu, sijui kilio kile alikitoa wapi. Kule nyuma bibi mmoja alisema "pole, mama, pole" kwa sauti kabisa, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye adabu. Tarumbeta zikashika ile sauti ndefu. Niliisikia, siwezi kusema sikuisikia. Lakini kwangu mimi ilikuwa sauti ya tarumbeta. Haikuwa do. Zikanyamaza. Kifimbo kikainuka.

Hakuna aliyeimba.

Hatukukubaliana, wala hatukusahau. Kwaya nzima ilikuwa imepitisha macho juu ya bega la yule mama na kumtazama baba. Tulikuwa tunasubiri, kama tulivyosubiri maisha yetu yote. Naye alikuwa anatutazama. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo, kwa ule mtindo wake, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwa ajili yake. Kifimbo kikainuka tena. Nikaona koo la baba likipanda na kushuka. Alikuwa anaimeza. Kisha akatazama viatu vyake.

Kule nyuma mwanamume mmoja akauliza, "Imekwisha?"

Nikatoa do. Watu wameniambia nilikuwa jasiri, lakini sikuwa nawaza okestra wala opera. Nilikuwa siwezi kuendelea kumtazama baba akitazama viatu. Nilitoa do, nikapanda mi, nikapanda so, sauti inatetemeka, kila mtu hemani anasikia, na kwaya ikaingia. Sijui tuliimbaje. Najua tu kwamba okestra iliporudi ilitukuta palepale ilipotuacha, na mwisho wageni wote walisimama kupiga makofi, na watu wa Robanda wakapiga vigelegele. Baba naye alisimama. Alikuwa anafuta macho kwa kitambaa na mimi, mjinga, nikadhani ni furaha.

Yule mama alinikumbatia nyuma ya hema. "Umetuokoa," akaniambia. Mtoto wa baba mdogo akawa anarukaruka, "Sis, umeweza! Umeweza kabisa!" Kisha mama yule akamgeukia baba kwa heshima zote. "Mzee, kumbe umeshaandaa mrithi."

"Ndiyo," baba akasema. "Nimemwandaa."

Hakuwa ameniandaa kwa lolote. Mimi nauza vitenge. Katika kwaya nilikuwa alto wa mstari wa pili, ninayesemwa kila wiki kwa kuchelewa. Lakini baba akishasema kitu mbele ya wageni, mtoto habishi. Nikatabasamu kama mtu aliyeandaliwa.

Wakati wa kurudi, baba hakukaa na besi kama kawaida yake. Alikaa mbele na dereva, na safari nzima alizungumza naye habari za barabara. Sisi tuliimba hadi sauti zikatukauka. Kesho yake nilimkuta sebuleni amepanda kiti, anabandua manila ukutani moja moja, anazikunja. Nilidhani anasafisha nyumba.

Jumapili alikuja kanisani na shati la kawaida, akaketi upande wa wanaume, katikati ya waumini. Kwaya tulisimama. Hakuna mtu mbele yetu. Tulisubiri, na mwisho macho yote yakanigeukia mimi. Nilitoa do kwa sababu mchungaji alikuwa anatutazama.

Nilimfuata nyumbani baada ya ibada. Alikuwa anamenya muwa uani.

"Tata," nikamwita baba kwa lugha ya nyumbani, "rudi kwenye kwaya."

"Nirudi wapi? Sijaenda mbali."

"Yule mama alikukosea. Kila mtu anasema alikukosea."

"Hakunikosea. Aliniomba kwa adabu na mimi nikakubali." Alikata pingili, akanipa kipande. "Siku ile mlikwama mkanitazama mimi. Wote. Na mimi nilikuwa nayo hapa." Akagusa koo. "Nikakaa kwenye kiti."

"Ulikuwa umeahidi, Tata."

"Nilimwahidi mtu niliyemjua asubuhi ileile. Nyinyi nimewalea. Wengine nimewapokea mkiwa hamjui hata kusoma." Akatema makapi. "Mwalimu hakai kwenye kiti kwaya yake ikikwama. Akikaa, basi kazi imemshinda."

Nilibishana naye hadi tukakasirikiana. Nilimwambia ni kiburi. Akasema labda. Wazee wa kanisa walikwenda, mchungaji akaenda, mtoto wa baba mdogo alipiga simu kutoka Nairobi. Wote aliwasikiliza, akawapa chai, na Jumapili akaketi na waumini.

Ninajuta, na nimechoka kuambiwa kwamba sikukosa. Najua sikukosa. Nilichofanya kilihitajika na mtu mwingine angekifanya baadaye kidogo. Ninachojutia ni ule udogo wa kitu alichokitaka. Alitaka kusimama. Okestra aliipata, kwaya aliipata, hata suti aliipata, na wimbo wenyewe ukaimbwa vizuri, akiwa ameketi kati ya watu wasiomjua. Mimi niliyekuwa sitaki hata kuwahi mazoezi nikashuka jukwaani na kazi yake mkononi. Kuna siku namkasirikia yule mama, na siku nyingine namkasirikia baba, kwa jinsi alivyo mkweli hata mahali ambapo kuvunja ahadi ndogo tu kungemwokoa. Nani angemfunga kwa kutoa do?

Mwaka huu tukiwa tunajiandaa kwa Pasaka nilifikiri nimepata dawa. Niliwaza kwamba nikinyamaza kabisa atalazimika. Jumapili moja alikuwa kanisani, kiti cha pembeni, karibu na sisi. Nilisimama mbele ya kwaya, nikainua kichwa, nisitoe kitu. Kwaya walielewa haraka. Mmoja mmoja wakamgeukia baba. Waumini nao wakaacha kukohoa. Nilihesabu moyoni kwamba sasa hivi, sasa hivi ataitoa, na itakuwa imekwisha, tutacheka, atarudi mahali pake.

Aliinamisha kichwa kidogo, na nikaona koo likipanda. Midomo ikaachana. Nilikuwa nimeanza kutabasamu. Kisha koo likashuka, na baba akatazama viatu vyake, kanisa zima likimwona.

Nikatoa do haraka, ya juu mno, na soprano wakaimba wakihangaika.

Tulirudi nyumbani pamoja. Kwenye lango baba alisimama akitafuta funguo mfukoni.

"Mwanangu," akasema, "usinifanyie vile tena."